Kusomea seli shina hadi uzamivu kisha kurudi kufanya utafiti Dar: nianzie wapi?

Binti_Sinza

Habari za jioni wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua fani hii kwa ndani.

Nina shahada ya kwanza ya baolojia ya molekuli na bioteknolojia, GPA 4.1. Ninachotaka ni utafiti wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) na tiba ya kujenga upya tishu, nifike uzamivu, kisha nirudi nifanye kazi hapahapa Dar, chuoni au kwenye taasisi ya utafiti. Je, nianze na uzamili hapa au niombe uzamivu nje moja kwa moja? Nichague upande gani, maana seli za iPS, zile zilizokomaa zikarudishwa kuwa seli shina, ndizo zinazosifiwa kila mahali lakini sijui kama kuna namna ya kuziotesha kwa mazingira yetu? Na katika huu mwaka mmoja wa kusubiri, ni ujuzi gani wa mikono unaopatikana mjini hapa ambao msimamizi wa nje ataupa uzito? Nitashukuru mkinijibu kwa namba pale inapowezekana.

Uboho_Upanga

Dada karibu. Nianzie kwenye kuchagua upande, maana hapo ndipo watu wanapojifunga miaka kumi bila kujua.

Seli za iPS zinastahili sifa zake. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba jeni nne tu, Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, zinaweza kuirudisha seli iliyokomaa kwenye hali ya kuweza kuwa seli ya aina yoyote mwilini. Mwaka 2012 akapewa Nobeli pamoja na John Gurdon. Lakini ukiuliza ni seli shina zipi zinazotibu wagonjwa kwa maelfu hospitalini leo hii, jibu ni za damu, zile za kwenye uboho. Till na McCulloch walizithibitisha kule Toronto mwaka 1961, na upandikizaji wa uboho umekuwa tiba ya kawaida kwa miongo mingi.

Kwa mtu anayetaka kurudi Dar, ningesema chagua damu, na ndani ya damu chagua sikoseli. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huo duniani, makadirio yanayotajwa sana ni kama 11,000 kwa mwaka. Muhimbili wamekuwa wakifuatilia wagonjwa kitafiti tangu 2004. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wa sikoseli wameanza kupandikizwa uboho. Yaani swali lako la utafiti linalala wodini, umbali wa daladala moja kutoka maabara.

Na maswali yenyewe bado hayajaisha. Chukua Casgevy, tiba ya sikoseli ya kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Seli shina za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, kisha CRISPR, zana ya kuhariri jeni, inakata kiwashio cha jeni ya BCL11A, ile ya kizuizi, kwenye seli hizo ili hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, HbF, irudi kutengenezwa. Uboho wa zamani unafutwa kwa dawa ya busulfan, ndipo seli zilizohaririwa zinarudishwa mwilini. Kila hatua ina tatizo lake. Kwa mchangiaji mwenye afya, dawa ya G-CSF ndiyo inayozisukuma seli zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, ila kwa mgonjwa wa sikoseli dawa hiyo inaweza kuamsha shambulio kali hadi la kuua, kwa hiyo hutumika plerixafor peke yake, na mavuno yakiwa haba mgonjwa anarudiwa mara kadhaa. Busulfan inahatarisha uzazi na inamwacha mgonjwa bila kinga kwa wiki. Bei Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Ndiyo maana maabara nyingi zinahangaika sasa kuhariri seli zikiwa ndani ya mwili, kwa sindano, bila kufuta uboho. Mtanzania anayelijua hilo kwa ndani ana hoja ya kusikilizwa popote.

Kuhusu shahada: Marekani programu nyingi zinapokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, miaka mitano hadi sita, ada na posho ya kujikimu vinalipwa na programu. Ulaya bara kwa kawaida wanataka uzamili kwanza, kisha miaka mitatu hadi minne. Ila usiudharau uzamili hata ukipata njia ya mkato. Matangazo ya kazi za kufundisha kwenye vyuo vyetu vya umma huwa yanataka GPA 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Ya kwanza unayo. Mtu anayekwenda Marekani bila uzamili na kurudi na uzamivu pekee ahakikishe mapema jinsi chuo anachokilenga kinavyosoma vyeti vyake, na vyeti vyenyewe vitambuliwe na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), badala ya kugundua siku ya usaili.

Inkubeta_37

Naunga mkono hoja ya damu, na nitaeleza kwa upande wa maabara kwa nini seli za iPS ni mzigo hapa mjini.

Kwa kawaida seli hizo zinabadilishiwa midia (lishe yake ya maji) kila siku, Jumapili na Idi ikiwemo, kwa sababu kichocheo cha bFGF kilichomo kinaharibika haraka kwenye nyuzi 37. Pleti moja ya visima sita inakula mililita 2 kwa kila kisima, jumla 12 kwa siku. Chupa ya mililita 500 ingekutosha siku 41, lakini midia iliyokwisha kuchanganywa inadumu wiki mbili tu kwenye friji. Usipoigawa mapema kwenye chupa za mililita 40 na kuzigandisha kwenye nyuzi hasi 20, zaidi ya nusu unaimwaga. Na usiipashe moto kwenye bafu la maji la nyuzi 37, iache mezani ifikie joto la chumba. Wakati wa kuyeyusha seli unaongeza kizuizi cha ROCK, Y-27632, mikromola 10, kwa saa 24 za kwanza, la sivyo nyingi zinajiua. Kugawanya koloni ni EDTA ya milimola 0.5, dakika nne hadi sita, na ukizivunja zikawa seli mojamoja kila mara unakaribisha kromosomu mbovu. Kipande cha kromosomu ya 20 kiitwacho 20q11.21 kujirudufu ndio ugonjwa wake wa kawaida, na darubini haikuonyeshi, kwa hiyo kromosomu zinapimwa kila baada ya seli kugawanywa takriban mara kumi. Kipimo hicho, midia, na gundi ya kutandika pleti vyote vinatoka nje vikiwa kwenye barafu. Mzigo ukikaa siku tatu za ziada uwanja wa ndege unapokea maji ya uvuguvugu yenye lebo nzuri.

Sasa damu ya kitovu. Kwa ridhaa ya mama na kibali cha maadili, mfuko mmoja wa mililita 80 unakupa seli za CD34 (zenye alama ya seli shina za damu) milioni chache, zinatosha kujifunzia mengi. Ichakatwe ndani ya saa 24. Izimue kwa PBS, maji ya chumvi, yenye EDTA ya milimola 2, nusu kwa nusu, itandaze polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganishia seli, bomba likiwa limeinamishwa, zungusha 400 g kwa dakika 30 breki ikiwa imezimwa. Hapa ndipo joto la Dar linapoharibu kazi za watu. Ficoll ya 1.077 imepimwa kwa nyuzi 20. Chumba kikiwa na nyuzi 31 chembe nyekundu zinagandamana na kuzinasa seli unazozitaka, utando wa katikati unakuja mwembamba na wenye wekundu, na mtu anamlaumu mtoa damu. Weka Ficoll, PBS na damu yenyewe kwenye chumba chenye kiyoyozi angalau saa moja kabla, na sentrifyuji iwekwe nyuzi 20. Breki ikisahaulika imewashwa, tabaka zinavurugika mwishoni na huna cha kuokoa. Jua pia kwamba damu ya kitovu ina chembe nyekundu changa zenye kiini, zinakaa kwenye utando uleule, hivyo hesabu ya jumla itakudanganya hadi utie rangi ya CD34.

Ukishazitenga, jaribio la koloni kwenye methilselulosi, midia nzito kama jeli, ni la bei nafuu kwa kiasi na linafundisha jicho. Seli 500 kwa kisahani cha milimita 35, siku 14, usiguse wala kutikisa. Weka kisahani cha maji bila kifuniko pembeni, la sivyo kingo zinakauka na koloni zinakuwa chache kuliko ukweli. Methilselulosi haivutwi kwa pipeti ya kawaida, tumia sindano nene ya geji 16.

Kama bajeti ni ndogo zaidi, kuna seli za mesenkaima kutoka kwenye ute wa kitovu. Vipande vya milimita 2 hadi 3, midia ya alfa-MEM, zinaanza kutambaa kutoka kwenye kipande baada ya wiki moja au mbili. Badala ya seramu ya ndama, ambayo ni zao la mnyama na ina mambo ya kibali cha kuingiza, unaweza kutumia chembe sahani za benki ya damu zilizopita muda wa siku tano, kwa kibali chao. Gandisha na kuyeyusha mara mbili tatu, zungusha uondoe mabaki, tumia asilimia 5 hadi 10 ya midia. Heparini ni lazima, yuniti 2 kwa mililita, ukiisahau asubuhi unakuta midia imekuwa jeli. Kisha uthibitishe kwa vigezo vya 2006: zishike plastiki, CD73, CD90 na CD105 zifike asilimia 95, alama za seli za damu zisizidi 2, na zigeuke mfupa, mafuta na gegedu. Bila flo saitometria, mashine inayosoma alama hizo kwenye kila seli, usiandike kwamba ni seli shina. Andika ulichokiona.

Nimalizie na maikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli za maabara. Penisilini haiiui, maana haina ukuta wa seli, na midia haichafuki kwa macho. Pima kwa PCR kila mwezi, na kila seli inayoingia kutoka maabara nyingine ikae inkubeta ya pembeni hadi majibu yatoke. Mwenye rekodi hiyo ya kila mwezi kwenye daftari anaaminika kuliko mwenye cheti cha semina.

Mikocheni_Data

Wakuu hapo juu wamesema vizuri, ila mimi sikubaliani na kumfungia dada kwenye damu tu. Kama moyo wake uko kwenye retina au kongosho, aende. Masayo Takahashi na wenzake Japani walipandikiza tabaka la retina lililotokana na iPS kwa mgonjwa mwaka 2014, na tangu hapo majaribio kwa binadamu yameongezeka kwa macho, kwa Parkinson na kwa kisukari. Kumwambia mtu asisome jambo kwa sababu friza letu linazimika ni kumfupishia maisha. Ninachomwomba ni kwamba akichagua upande huo, ajifunze kwa wakati mmoja ujuzi usiohitaji friza.

Ujuzi huo ni uchambuzi wa data za RNA za seli mojamoja. Data ziko bure kwenye hazina za mtandaoni za GEO na CELLxGENE, programu ni Seurat kwa R au Scanpy kwa Python, zote bure. Kompyuta ya RAM gigabaiti 16 inamudu seli elfu kadhaa hadi makumi ya elfu bila shida, zikizidi tumia Colab, kompyuta ya mtandaoni ya Google. Chukua seti moja ya uboho wa binadamu, irudie kuanzia jedwali la hesabu hadi kwenye michoro ya makala yenyewe. Utakwama kwenye kuchuja. Watu wanabandika kizingiti cha asilimia 5 cha jeni za mitokondria kwa sababu ndicho kilichoko kwenye mafunzo ya bure, na kwenye tishu kama moyo kizingiti hicho kinatupa seli nzima nzima. Chora mgawanyo kwanza, ndipo ukate. Ondoa matone yaliyobeba seli mbili, la sivyo utavumbua aina mpya ya seli ambayo haipo. Na ukikuta makundi yanajitenga kufuata mgonjwa au siku ya jaribio badala ya aina ya seli, hiyo ni athari ya awamu, isahihishe kabla ya kusema lolote kuhusu ugonjwa.

Weka kazi hiyo GitHub, na maelezo ya ukurasa mmoja. Msimamizi ataifungua akiwa Kyoto au Leiden na kuona unavyofikiri. Faida ya pili ni kwamba ukirudi Dar, wiki ambayo naitrojeni ya kugandishia seli imechelewa bado unafanya kazi.

Kalamu_ya_Maombi

Kwenye maombi, tarehe ndizo zinazowaangusha wengi wenye alama nzuri.

Programu nyingi za baolojia Marekani zinafungwa kati ya tarehe 1 na 15 Desemba, usaili Januari hadi Machi, na jibu la mwisho la mwombaji ni 15 Aprili. Nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE. Ada ya maombi mara nyingi ni dola 75 hadi 100 kwa chuo, ila vyuo vingi vina msamaha, na unaombwa kabla ya kuwasilisha, siyo baada. Andika barua pepe ya kuuomba mwezi Oktoba. Uliza pia kama wanapokea barua ya chuo chako inayothibitisha ulisoma kwa Kiingereza, unaokoa gharama ya mtihani wa IELTS. Nakala rasmi za matokeo ziombwe mapema, usingoje Novemba wakati ofisi ya usajili ina foleni.

Ulaya, tafuta nafasi za mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, kupitia tovuti ya EURAXESS. Ni ajira yenye mshahara na hifadhi ya jamii, na uraia wowote unaruhusiwa. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi kwenye nchi husika zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia, na kwa Mtanzania anayeomba akiwa Dar hilo linakuwa faida. Ufadhili mwingine: Japani kuna MEXT, Ujerumani DAAD, Uingereza Jumuiya ya Madola. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Pretoria wana Taasisi ya Tiba ya Seli na Molekuli, na kwa anayetaka kukaa karibu na maswali ya Afrika usiwapite.

Wadhamini wako watatu wawe watu waliokuona ukifanya kazi. Barua ya profesa mkubwa inayosema "alikuwa mwanafunzi mwenye nidhamu" haina uzito mbele ya barua ya mhadhiri kijana anayeeleza kwamba ulirekebisha PCR iliyokuwa inatoa mistari ya ziada kwa kupandisha joto la kushikana kwa nyuzi mbili. Mpe kila mdhamini wiki sita, wasifu wako, na aya moja ya kumkumbusha ulichokifanya kwake.

Kabla ya kukubali nafasi, waandikie wanafunzi wawili waliokwisha kuondoka maabara hiyo. Waulize walimaliza kwa miaka mingapi, majina yao yalikaa nafasi gani kwenye makala, na kama waliruhusiwa kuondoka na mradi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko jina la chuo. Baada ya uzamivu utafanya utafiti miaka mitatu hadi sita kwingine kabla ya kusimama peke yako, na asiye na mradi wa kuubeba anarudi nyumbani mikono mitupu. Wenye nafasi za kudumu ni wachache hata hukohuko nje, lijue hilo tangu mwanzo.

Binti_Sinza

Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Naona nitaanza na damu ya kitovu huku nikijifunza Scanpy usiku. Mawili yamebaki. Barua pepe ya kwanza kwa msimamizi iweje? Na kama nitasoma nje kwa kutumia sampuli za Tanzania, sampuli zinasafirije kihalali, na nikirudi nitawezaje kuja na seli au plazimidi (viduara vya DNA vya kubebea jeni) nilizotengeneza?

Kalamu_ya_Maombi

Barua isizidi maneno 200. Sentensi ya kwanza iseme wewe ni nani na unaomba nini, kwa mwaka gani. Ya pili na ya tatu zitaje makala yake moja ya miaka mitatu ya karibuni na swali linalotoka kwenye mchoro maalumu. Mfano: "Kwenye mchoro wenu wa 4, HbF ilipanda kwa wachangiaji seli watatu, kwa wa nne haikupanda. Je, mliangalia tofauti zao kwenye HBS1L-MYB?" (HBS1L-MYB ni eneo la DNA linaloathiri kiwango cha HbF.) Kisha ulichokwisha kufanya kwa mikono yako, na kiungo cha GitHub. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na matokeo, kwa PDF moja. Asipojibu baada ya siku kumi, kumbusha mara moja, kisha mwache. Usitume barua moja kwa watu thelathini, wanaofanya kazi fani moja wanajuana.

Uboho_Upanga

Kwenye sampuli, dada, fuata mpangilio huu bila kuruka. Kwanza kamati ya maadili ya chuo kinachokulea, kisha kibali cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Watafiti wa kigeni walioko kwenye mradi wanahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kutoa sampuli nje kunahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na pande zote, unaotaja idadi, matumizi, nani anamiliki data, na nini kinafanyika kwa mabaki. Tenga miezi mingi, usipange safari ya sampuli kabla ya saini ya mwisho. Kinachokwamisha zaidi ni fomu ya ridhaa. Iandikwe kwa Kiswahili cha mama wa wodini na iseme waziwazi kama seli zitahaririwa jeni, zitaoteshwa bila kikomo, zitatumika kwa tafiti za baadaye, au zitavuka mpaka. Ukiyasahau haya, ni lazima umrudie kila mama mmojammoja, na wengi hutawapata.

Kusafirisha, tumia dewa kavu, chombo cha baridi kali, naitrojeni ikiwa imenyonywa ndani ya kuta zake. Ikijazwa vizuri inashika baridi kama siku kumi, na ijazwe siku moja kabla ili inywe hadi ishibe. Ambatisha kipima joto kinachorekodi njia nzima, na hati ya mzigo ya ndege isomeke "isiyo na hatari, naitrojeni imenyonywa", vinginevyo mzigo unazuiwa kama kimiminika.

Plazimidi ni rahisi zaidi. Mwambie msimamizi aziweke Addgene, hazina ya plazimidi ya watafiti, kabla hujaondoka. Wao wanazisambaza zikiwa ndani ya bakteria kwenye jeli, kwa joto la kawaida, na zinafika Dar zikiwa hai bila barafu. Mpaka zikifika, uwe na LB agari, kiuavijasumu sahihi na inkubeta ya kawaida. Seli ulizohariri zinahitaji mkataba wao, na msimamizi ausaini ukiwa bado uko kwenye orodha ya mishahara yake. Ukishaondoka, barua hiyo itakaa chini ya nyingine mia.